Jinsi ya kuandika taazia ya mtu mashuhuri

Tanzia hutangaza kifo, rambirambi huwafariji wafiwa, na ule wasifu unaosomwa kabla ya mazishi ni mali ya familia. Taazia ya gazetini au mtandaoni ni kazi nyingine: humweleza marehemu kwa msomaji ambaye hakuwahi kumwona. Ukiandika kwa ajili ya wafiwa peke yao, umerudia rambirambi.

1. Anza akiwa hai

Najua watasema ni uchuro. Faili liite "wasifu", na ukienda kumhoji mzee, mwombe tu akusimulie maisha yake. Wazee wengi hufurahi kuulizwa.

Sababu ni muda. Mzee Ali Hassan Mwinyi alifariki hapa Dar es Salaam Alhamisi, 29 Februari 2024, na Jumamosi ya tarehe 2 Machi alikuwa ameshazikwa Mangapwani, Unguja. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23, kwa hiyo waandishi walipata siku kadhaa za kufukua kumbukumbu. Kwa msiba wa Kiislamu usitegemee nafasi hiyo.

2. Thibitisha kifo

WhatsApp imeshawazika watu wengi ambao bado wanakunywa chai nyumbani kwao. Mtafute msemaji wa familia. "Hata sisi tumesikia hivyo" si uthibitisho, hata kama anayesema ni jirani wa ukuta kwa ukuta.

3. Kagua tarehe na vyeo

Nenda Maktaba Kuu ya Taifa ukasome magazeti ya wakati ule, usinakili taazia ya mwenzako. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa haijulikani, sema haijulikani. Bi Kidude alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, wengi walimpa miaka mia na zaidi, ilhali mwenyewe hakuwa na tarehe ya kuzaliwa ya kuonyesha. Usiibuni wewe.

4. Nenda msibani

Kwanza toa pole, andika jina kwenye daftari la rambirambi, kaa chini ya turubai kama wengine. Kalamu ibaki mfukoni. Wazee wanaokunywa kahawa pembeni ndio watakaokupa kile kisa kimoja kinachomfufua mtu: alivyogombana na kondakta, alivyokataa kuwekewa kiti cha mbele. Na upande wa akina mama usiupite. Huko ndiko wanakojua nani alilea watoto wa nani. Ukipata kisa, kiulize tena kwa mtu wa pili ambaye hakukaa na yule wa kwanza.

Orodha ya wajane na watoto ichukue kwa msemaji peke yake. Misiba mingi ya mjini ina mtoto ambaye upande mmoja unamjua na mwingine haumtaki, na si kazi yako kuamua kesi hiyo siku ya mazishi.

5. Usiruke makwazo

Hapa ndipo taazia zetu nyingi huanguka. Tumelelewa tusimseme marehemu vibaya, na adabu hiyo ni njema, lakini kufuta tukio zima si adabu.

Chukua Bibi Titi Mohamed. Mzaliwa wa Dar es Salaam, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla ya siasa, aliongoza wanawake wa TANU na kuwaingiza chamani akina mama wengi mno. Mwaka 1965 alipoteza kiti cha ubunge. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Alifariki Johannesburg, Novemba 2000. Leo hiyo Maktaba Kuu niliyokutuma iko kwenye barabara yenye jina lake. Ukiiruka kesi, kijana hataelewa kwa nini jina lake lilitoweka midomoni mwa watu kwa miaka, wala uzito wa barabara hiyo.

Andika mwaka, shtaka, hukumu na kilichofuata. Vivumishi viache. Na tukio likae mahali pake kwenye mwendo wa maisha. Ukilibana kwenye aya ya mwisho, linasomeka kama ulikuwa unasubiri afe ndipo umseme.

Tena kwazo huweza kuwa ndiyo sifa. Mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970, baada ya watu kufa mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza. Hakuwagusa yeye, lakini aliwajibika, na wengi wanamtaja kwa hilo mpaka leo.

6. Sentensi ya kwanza

Jina, alilolifanya, kisha kifo: "Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, aliyelegeza masharti ya biashara hadi wananchi wakamwita Mzee Rukhsa, amefariki dunia akiwa na umri wa miaka 98." "Pengo lisilozibika" na "mcheshi, mpenda watu" futa. Kama alikuwa mcheshi, weka utani wake.

7. Baada ya kuchapisha

Faili usilifunge mpaka arobaini ipite. Simu zitaanza: mtu aliyesoma naye, mwenye picha ya mwaka 1962, mwenye kudai cheo kimekosewa. Pokea zote, hakiki, kisha rekebisha andiko na uweke tarehe ya marekebisho juu yake.