Somo: Kulinda viota vya ndege wanaotaga chini, msimu wa kulima na wa kukata nyasi

Wakulima wenzangu, leo tuzungumzie kanga, kwale, korongo na ndege wengine wanaotaga chini kwenye mashamba yetu ya Uasin Gishu na Trans Nzoia. Mvua inaposhika Machi na Aprili sote tunapanda, kisha inakuja palizi, na baadaye nyasi za malisho za boma rhodes zinakatwa. Ndege wengi nao hutaga majira hayohayo, maana ndipo wadudu wa kulishia vifaranga wanapojaa. Sehemu kubwa ya viota vinavyosagwa na trekta ingeweza kupona kama dereva angeambiwa mapema kilipo kiota. Somo lote limesimama hapo.

1. Mjue unayemtafuta

Kanga huparua kijishimo kwenye nyasi ndefu au chini ya kichaka cha mpakani, hutaga mayai 6 hadi 12 na kuatamia siku 26 hadi 28. Kuna na ndege mwingine, yule wa miguu mirefu myekundu, mwenye duara jeupe kuzunguka utosi mweusi, anayepiga kelele hata usiku. Huyo hapendi nyasi ndefu. Hutaga mayai 2 hadi 4 kwenye udongo mtupu au nyasi fupi, na mayai yake yana rangi ya udongo na madoa meusi. Unaweza kusimama hatua moja tu kutoka yalipo usiyaone. Korongo mwenye taji yeye hujenga kwenye majani ya kinamasi na huatamia mwezi mmoja hivi.

2. Tembea shambani kabla ya mashine kuingia

Nenda siku moja au mbili kabla, usiende wiki nzima kabla, kwa sababu ndege anaweza kutaga kabla mashine haijaingia. Mbwa abaki nyumbani. Pita polepole kwa mistari, na zaidi ya kutazama chini, mtazame ndege mwenyewe. Anayeruka na kutokomea huenda alikuwa anakula tu. Anayeondoka kwa kukimbia ameinama, au anayeburuta bawa kana kwamba limevunjika, ana mayai au vifaranga karibu. Simama papo hapo. Rudi nyuma kwa nyayo zako, kaa mbali umtazame anarudi wapi. Atakuonyesha mwenyewe, ukiwa na subira.

3. Weka alama, lakini si kwenye kiota

Chomeka mti mmoja hatua tano mbele ya kiota na mwingine hatua tano nyuma yake, kwa mwelekeo trekta itakaopita. Usichomeke kijiti juu ya kiota chenyewe wala kufunga kitambaa cha kung'aa: kunguru ana akili, akishaona kijiti kimoja kina mayai atakagua vyote. Kisha mpeleke dereva kwa miguu akaone. Kumweleza kwa simu hakutoshi.

Acha kipande cha mita 3 kwa 3 kuzunguka kiota bila kukigusa. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 hayo ni mashina 40 ya mahindi, na ekari moja ina zaidi ya mita za mraba 4,000. Mimi naona hiyo ni bei ndogo sana kwa familia nzima ya kanga. Vifaranga wakishaondoka, panda maharagwe hapo.

4. Kata nyasi kutoka katikati kwenda nje

Tumezoea kuanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea ndani. Vifaranga wanasukumwa kila mzunguko, wanajazana kwenye kisiwa cha nyasi kilichobaki katikati, na mzunguko wa mwisho unawamaliza wote. Mama yao huruka, wao hawawezi. Fungua kwanza ncha mbili za shamba ili trekta ipate pa kugeukia, kisha anza katikati na utoke nje taratibu, ukiacha ukanda wa nyasi mpakani wa kukimbilia. Uskoti walitumia mbinu hii kumlinda *Crex crex*, ndege wa nyasi ambaye majira ya baridi kwao huhamia Afrika. Usikate usiku.

5. Fukia mbegu zenye dawa

Mbegu ya rangi iliyomwagika mahali pa kujazia planta (mashine ya kupandia) ni sumu kwa kanga na kwale. Ifukie siku hiyohiyo.

6. Kinamasi kiache na majani yake

Korongo mwenye taji aliwekwa mwaka 2012 katika kundi la ndege walio hatarini kutoweka duniani, na kukausha vinamasi ni sababu mojawapo kubwa. Usifyeke wala kuchoma majani ya bondeni wakati anaatamia, na ng'ombe wanywe upande mmoja tu. Kule jirani na hifadhi ya Saiwa bado unaweza kumwona akilala kinamasini na kulisha kwenye mashamba ya watu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kanga wanafukua mahindi yangu. Kwa nini niwalinde?
Ni kweli wanafukua, sikatai. Hasara hiyo ni ya siku chache kabla mahindi hayajashika. Panda kwa kina cha sentimita 5, weka mtu wa kuwafukuza asubuhi na jioni mpaka miche isimame. Baada ya hapo wanashinda wakiokota wadudu na mbegu za magugu.

Naweza kuchukua mayai nimwekee kuku wangu aatamie?
Hapana, ndugu yangu. Kufuga ndege wa porini bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa. Mnakumbuka mwaka 2013 na 2014 watu walipokimbilia kufuga kware; hata wao walihitaji leseni.

Mtoto ameshika mayai. Ndege mama atayakimbia kwa harufu ya mkono?
Harufu si tatizo kubwa. Hatari ni mtu kukaa hapo muda mrefu mayai yakapoa au kuungua na jua, na njia ya nyasi zilizokanyagwa ikamwongoza nguchiro. Ondokeni tu, msirudi kuchungulia.

Mwenye trekta analipwa kwa ekari, hataki kuanzia katikati. Nifanyeje?
Patana naye kabla hajawasha injini, si akiwa tayari shambani. Shamba kubwa ligawe vipande virefu, kila kimoja akianze katikati. Hapo hazunguki sana na mafuta hayapotei. Akikataa kabisa, mwombe apunguze mwendo kwenye mizunguko ya mwisho na asimame kidogo kabla ya kumaliza kisiwa, wewe utangulie kwa miguu uwatoe vifaranga.

Mama, nimekuta kinda wa korongo peke yake kwenye mahindi. Nimpeleke nyumbani?
Usimguse, dada. Makinda ya korongo hutoka kiotani mapema sana, lakini huchukua miezi miwili au zaidi kuweza kuruka. Wazazi wako karibu, wanangoja uondoke. Kama una uhakika ameumia, piga simu ofisi ya KWS iliyo karibu na ueleze mahali alipo.