Kupiga shabaha ya duara kwa bastola ya .22: ninavyofanya mazoezi hapa Mwanza

Karibu kila anayeniomba nimwelekeze huanza na swali hili: "Mkono wangu unatetemeka, nifanyeje?" Jibu langu halijabadilika. Uache utetemeke. Mkono wa kila mtu hutetemeka, hata wa bingwa. Kinachotupa risasi nje ya duara jeusi ni kidole kinachovuta triga kwa pupa, na vilengeo (vile viwili vya juu ya bastola, cha mbele na cha nyuma, unavyotazamia ukilenga) vinavyopinda kidole kikiwa kinavuta. Ukilielewa hilo mapema utaokoa risasi nyingi na pesa nyingi.

Nazungumzia bastola ndogo ya .22 (upana wa risasi yake ni kama inchi 0.22) kwenye karatasi ya duara, mita 25, kwa mkono mmoja. Silaha yoyote ya moto nchini inahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi hupitia polisi. Kama bado huna, anzia huko. Usiazime ya mtu.

Hatua ya 1: Mahali

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu mji wetu una hatari yake. Mwanza ni mji wa mawe. Kijana akiona jiwe la itale kubwa kama nyumba anadhani amepata ukuta mzuri wa kuzuia risasi. Hapana. Risasi ya .22 imetengenezwa kwa madini ya risasi, laini na nyepesi; ikigonga itale inapondeka na kuruka upande wowote, na inaweza kukurudia wewe mwenyewe. Ziwani ni vivyo hivyo. Risasi ikigusa maji kwa pembe ndogo inaruka kama kijiwe bapa ambacho watoto hurusha ufukweni, na ina uwezo wa kwenda zaidi ya kilomita 1.5. Mtumbwi ambao wewe unauona kama nukta, risasi inaufikia.

Piga kwenye renji (uwanja wa kulengea shabaha) iliyoruhusiwa tu, yenye tuta refu la udongo usio na mawe nyuma ya shabaha. Vaa miwani ya kinga na vizuia sauti vya masikioni, hata kama mlio wa .22 ni mdogo. Mtutu unaangalia tuta muda wote, kidole kiko nje ya triga hadi uwe umelenga, na kila bastola ihesabu kuwa ina risasi. Mkuu wa renji akisema simamisha, weka chini na utoe mkono.

Mimi huenda saa moja asubuhi. Mchana upepo wa ziwani unaanza kuingia nchi kavu. Kwa mita 25 upepo hauisogezi risasi sana, ila unausukuma mkono ulionyooshwa, na mwanafunzi mpya huanza kupambana nao badala ya kujifunza.

Hatua ya 2: Karatasi

Karatasi ya kimataifa ya mita 25 ina duara jeusi la milimita 200, na kumi yake, yaani duara dogo la katikati lenye alama 10, ina upana wa milimita 50. Lakini usianze nayo. Igeuze, upige upande mweupe, usio na alama yoyote. Jicho likikosa cha kukodolea kule mbali, linarudi lenyewe kwenye vilengeo, na huko ndiko tunakotaka likae. Piga risasi 20 namna hiyo kila siku ya mazoezi kwa mwezi wa kwanza. Wengi hushangaa kuona matundu yao yamekaribiana zaidi kwenye karatasi tupu kuliko kwenye duara.

Hatua ya 3: Kusimama na kushika

Simama ubavu, miguu ipanuke kama mabega, mkono usioshika bastola uingie mfukoni au ukamate mkanda. Nyoosha mkono wa bastola, funga macho, vuta pumzi mara mbili, kisha fungua. Bastola imeelekea wapi? Kama imekwenda kushoto, usiirudishe kwa mkono. Sogeza mguu wa nyuma mpaka mwili wenyewe uelekee katikati. Usikubali misuli ifanye kazi ya miguu.

Mshiko uwe imara bila kukaba, na uwe ule ule kila unapoinua mkono. Ukiona ncha ya mtutu inatikisika haraka haraka, umekaba.

Kuna waliokata tamaa wakidhani mkono wao haukuumbwa kwa mchezo huu. Károly Takács wa Hungaria aliumizwa vibaya mkono wake wa kulia, aliokuwa akilengea, na guruneti mwaka 1938. Akajifundisha upya kwa mkono wa kushoto, na akachukua dhahabu ya Olimpiki ya bastola mita 25 huko London mwaka 1948, kisha tena Helsinki mwaka 1952. Huwa namkumbuka Takács kila mtu anaponiambia ana mkono mbaya.

Hatua ya 4: Vilengeo

Kilengeo cha mbele kikae katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma, mwanga wa kushoto na kulia ulingane, na vichwa viwe sawa juu. Jicho likaze kilengeo cha mbele. Duara jeusi litaonekana lina ukungu, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kuna milimita 200. Mita 25 ni mara 125 ya hapo. Kilengeo cha mbele kikikosea kwa milimita 1 tu ndani ya pengo, risasi inakwenda pembeni milimita 125, nje kabisa ya duara jeusi. Kikikosea nusu milimita, unapata nane. Lakini vilengeo vikiwa vimelingana, halafu mkono mzima ukasogea pembeni sentimita 2 bila kupinda, risasi nayo inasogea sentimita 2 tu, na hiyo bado ni kumi. Ndiyo maana nasema uache mkono utetemeke. Linda pengo.

Hatua ya 5: Triga

Miezi yangu ya mwanzo matundu yalikuwa yanaangukia chini kushoto. Nililaumu bastola, nikazungusha skrubu za kilengeo cha nyuma mpaka zikachoka. Siku moja mzee mmoja mstaafu pale renji akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu leo nikujazie mimi."

Akawa ananipa mgongo, anaweka risasi moja, ananikabidhi. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikasema "ta" tu. Alikuwa ameweka ganda tupu. Bastola haikulia, lakini mtutu ulichovya chini kama jembe. Niliuona kwa macho yangu. Mwili wangu ulikuwa unajiandaa kwa kishindo kabla hakijaja. Mzee hakusema neno, akageuka kujaza tena. Tulirudia mpaka "ta" ikija mtutu hausogei, na hiyo ilichukua Jumamosi tatu.

Tafuta mtu unayemwamini mfanye hivyo. Na wewe peke yako: weka kati ya pingili ya kwanza ya kidole kwenye triga, bana pole pole, ongeza uzito huku pengo likibaki sawa, usichague sekunde ya mlio. Ikipita kama sekunde 10 haijalia, shusha mkono, pumua, anza upya. Kushusha mkono si kushindwa. Ni ustadi ambao wengi hawaufikii.

Hatua ya 6: Mazoezi makavu

Hapa ndipo alama zinapopatikana: dakika 15 nyumbani kila jioni, ukilenga nukta ukutani bila risasi. Risasi zikae zimefungwa chumba kingine, na ukague chemba (tundu inamokaa risasi kabla ya kupigwa) kwa jicho na kwa kidole. Tahadhari moja: bastola nyingi za .22 pini yake hupiga ukingo wa chemba ikiwa hakuna kitu ndani, na ukingo unaumia. Tumia risasi bandia ya plastiki, au soma kijitabu cha bastola yako kwanza.

Hatua ya 7: Muda

Ukishaweka risasi zote ndani ya duara jeusi bila haraka, ingiza saa. Kwenye mashindano yaitwayo "bastola ya kawaida" (standard pistol) risasi 5 hupigwa kwa sekunde 150, kisha 20, kisha 10. Anza na 150, ukae hapo muda mrefu.

Risasi ikikataa

Baruti ya kuwashia ya .22 imo kwenye ukingo wa ganda, na mara nyingine haikusambaa sawasawa. Ikikataa, elekeza mtutu kwenye tuta, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Ikitoa mlio hafifu usio na nguvu, acha kabisa: toa magazini, ondoa risasi, hakikisha hakuna kilichokwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine juu yake unaweza kupasua bastola mkononi.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote, maana vumbi la madini ya risasi ni sumu. Futa bastola kwa mafuta siku hiyo hiyo; kwa unyevu wa ziwani, kutu haisubiri wiki.

Kisha daftari. Baada ya kila mlio, kabla ya kuangalia karatasi, taja risasi imekwenda wapi kutokana na ulivyoviona vilengeo, uandike, ndipo uhakiki. Ukurasa wangu wa Jumamosi iliyopita unasomeka hivi: "Kavu 60, risasi 40. Upepo umeanza saa nne. Nimetaja sawa 29. Kundi la mwisho limeshuka chini kushoto, kidole kimechoka. Wiki ijayo naanza na karatasi nyeupe."