Jina la neno: liite kwa sauti kabla ya kuliandikisha

Ninafundisha darasa la kwanza Kadutu, hapa Bukavu, na kila asubuhi ninaita akina Furaha, Neema, Baraka na Bahati. Ni majina mazuri. Lakini wazazi wakiniambia wanataka kumpa mtoto jina la neno lenye maana, ila ambalo halijazoeleka kama jina, ninawaunga mkono kabisa.

Anzeni kwa bibi na babu. Kimashi, lugha ya Washi wa huku kwetu, kina Murhula, yaani amani, na Nyenyezi, nyota. Katika Kiswahili mna Umande, Mwangaza, Ukarimu, Pambazuko. Mimi ningechagua kitu kinachoonekana kuliko tabia njema: mtoto anayeitwa Ukarimu atasutwa kila anapokataa kumegea wenzake mkate, ila Umande hadaiwi kitu.

Halafu simameni mlangoni mliite kwa nguvu, kama vile mtoto yuko bondeni na mvua inakuja. Pambazuko litakatwa tu. Je, hicho kifupi chake mtakipenda? Liwekeni pia ndani ya sentensi za kila siku. Darasani kwangu Amani akiugua, watoto wanasema "Mwalimu, Amani hayupo", na siku nyingine mjini kwetu maneno hayo yanachoma.

Ninachowaomba sana, msimpe mtoto msiba wenu. Mateso, Machozi, Sikujua: ninajua yanakotoka. Mama amejifungua akiwa njiani anakimbia vita, au amefiwa na mume mimba ikiwa bado tumboni. Lakini mtoto wa miaka sita anayesimama kuitikia "Machozi" mbele ya wenzake anabeba matanga ya wakubwa. Mpeni jina la kile kilichowaokoa: Daraja, Kimbilio, Mwenyeji. Habari yenyewe mtamsimulia akikua. Hata Sheria ya Familia ya 1987, kifungu cha 58, inataka jina litoke katika utamaduni wa Kongo, na inakataza jina la matusi, la kudhalilisha au la uchokozi.

Mnazo siku 90 za kumwandikisha. Mkienda komine, yaani ofisi ya serikali ya sehemu yenu ya mji, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira, chukueni karatasi yenye jina kwa herufi kubwa, msilitaje kwa mdomo tu. Karani aliyezoea Kifaransa akisikia Umande anaweza kuandika Oumande. Someni herufi moja moja kabla ya kutia sahihi, maana kulibadilisha baadaye kunapitia mahakamani.