Jinsi ya kupata fomula ya mkunjo wa eksponenshali kwenye spredishiti

Una data inayopanda polepole mwanzoni afu inafumuka, au inayoshuka kwa kasi afu inaanza kujivuta, na unataka fomula yake. Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc zote zinaweza na fomula ni zilezile. Watu wengi wanachora chati, wanaongeza laini ya mwelekeo, wanakopi kile kinachoandikwa juu ya chati, wamemaliza. Mi sishauri uanzie huko.

Kwanza ujue kinachofanyika kwa ndani, maana ukishakijua nusu ya eror utazielewa bila kuuliza mtu. Spredishiti haipindishi mstari wowote. Inachukua logi asilia ya kila y (fomula yake ni LN), inapitisha mstari ulionyooka kwenye hizo logi, afu inarudisha jibu kwa EXP (kinyume cha LN). Ni hivyo tu, LOGEST, GROWTH na ile laini ya kwenye chati zote zinafanya kitu kimoja.

Tufanye kwa mkono kwanza. Kwenye A2 mpaka A7 weka 0, 1, 2, 3, 4, 5, hizo ndo x. Kwenye B2 mpaka B7 weka 12, 19, 29, 46, 71, 112, hizo ndo y. C2 andika =LN(B2) uburute mpaka C7. Sasa chora chati ya nukta ya safu A na C, sio A na B. Nukta zikijipanga kama zimepigwa rula basi data yako ni ya eksponenshali kweli, zikijikunja kama upinde basi sio, na hakuna fomula itakayokuokoa hapo. Hizi zetu zinanyooka vizuri. Hii chati ndo kipimo ninachokiamini kuliko kingine chochote, na watu ndo wanairuka.

Afu andika =SLOPE(C2:C7,A2:A7), utapata 0.4453. Na =EXP(INTERCEPT(C2:C7,A2:A7)), utapata 12.04. Kwa hiyo fomula yako ni =12.04*EXP(0.4453*x), hiyo 12.04 tuiite b na 0.4453 tuiite k. Kama kompyuta yako inatumia mkato kwenye desimali, basi katikati ya fomula weka nukta-mkato badala ya mkato, la sivyo itagoma.

Ukishaona inavyokwenda, LOGEST inafupisha kazi: =LOGEST(B2:B7,A2:A7) inakupa namba mbili kwenye seli mbili zinazofuatana, 1.5609 na 12.04. Usishtuke kuona 1.5609 badala ya 0.4453, ni kitu kilekile, ukiandika =LN(1.5609) unarudi palepale. Mi naipenda zaidi hii ya LOGEST kwa sababu inasomeka, yaani kila x ikiongezeka 1, y inazidishwa kwa 1.56, ni ongezeko la asilimia 56, mtu yeyote anaelewa. Kwenye Excel za zamani inabidi uchague seli mbili kwanza afu umalizie na Ctrl+Shift+Enter, usipofanya hivyo unapata namba ya kwanza tu. Au chomoa moja moja: =INDEX(LOGEST(B2:B7,A2:A7),1,1) afu ile 1 ya mwisho uibadilishe iwe 2.

Kama huna haja ya fomula, unataka tu kujua x ikiwa 6 y itakuwa ngapi, andika =GROWTH(B2:B7,A2:A7,6), inatoa 174 na ushee. Na ukitaka kujua inachukua muda gani kujizidisha mara mbili, =LN(2)/0.4453, kama 1.56. Data inayoshuka k yake ni hasi, so muda wa kupungua nusu ni =LN(0.5) gawanya kwa hiyo k.

Sasa matatizo. #NUM! karibu siku zote maana yake kuna y ambayo ni 0 au hasi, na logi ya 0 haipo. Kuna ujanja unaozunguka wa kubadilisha 0 kuwa 0.001 ili fomula ipite, usifanye hivyo, LN ya 0.001 ni karibu -6.9 wakati logi zetu zinaanzia 2.5, hiyo nukta moja itauvuta mstari mzima chini.

Tarehe nazo zina vituko vyake. Kwa Excel tarehe ni namba tu, 1 Januari 2024 ni 45292, sasa ukizitumia kama x unaiambia itafute y ilikuwa ngapi x ilipokuwa 0, yaani huko mwaka 1900. Kwa ukuaji wa asilimia 10 hivi kwa siku jibu la b linatoka 0 kabisa na fomula inakufa. Toa tarehe ya kwanza kwenye kila tarehe, =A2-$A$2, ili x ianzie 0, kwisha.

Kuhusu ile fomula ya kwenye chati, tatizo lake la kwanza ni kuzungusha desimali. Tuseme k halisi ni 0.0347 ila chati inaonyesha 0.03, kwenye x ya 100 utapata b mara 20 wakati jibu sahihi ni b mara 32. Kama lazima uitumie, bonyeza maandishi yake ubadili fomati ionyeshe desimali nyingi. Tatizo la pili, kama ulichagua chati ya Line badala ya Scatter, Excel inaweza kuzipuuza x zako na kuhesabu 1, 2, 3 yenyewe, fomula inatoka nzuri kwa macho ila ni ya data nyingine.

Na R² (ile namba ya 0 mpaka 1 inayoonyesha mstari umeendana na data kiasi gani) isikudanganye. Chukua 1, 4, 9, 16 mpaka 64, hizo ni namba zilizozidishwa kwa zenyewe tu, sio eksponenshali hata kidogo, lakini ukizipitishia eksponenshali unapata R² ya 0.92! Ndo maana nikasema angalia chati ya logi kwanza.

Kitu kingine, kwa kuwa hesabu inafanyika kwenye logi, kosa linapimwa kwa asilimia. Ukikosea kwa 2 kwenye y ya 12 hilo ni kosa kubwa, ukikosea kwa 2 kwenye 112 karibu halionekani. Kwa hiyo namba ndogo zina sauti kubwa. Mara nyingi ni sawa, ila kama vipimo vyako vidogo ndo vina makelele mengi, au kama data haishuki mpaka 0 (maji ya moto yanapoa yanaishia kwenye joto la chumba), LOGEST haifai kama ilivyo.

Kwa maji, kama unajua chumba ni digrii 25, toa 25 kwenye kila y afu endelea kama kawaida. Kama hujui, tumia Solver, ni zana inayojaribu namba yenyewe mpaka ipate zinazofaa. Kwenye Excel iwashe kwanza kwenye File, Options, Add-ins. Weka c (pale data inapoishia kushuka), A (ndo ile b) na k kwenye G1, G2, G3, afu D2 iwe =$G$1+$G$2*EXP($G$3*A2) uburute, na G5 iwe =SUMXMY2(B2:B7,D2:D7), hiyo inajumlisha makosa yote yakiwa yamezidishwa kwa yenyewe. Mwambie Solver apunguze G5 kwa kubadilisha G1:G3, njia ni GRG Nonlinear. Usimwanzishie na namba za kubuni, c weka chini kidogo ya y yako ndogo kuliko zote, itoe kwenye y zote, afu A na k zichukue kwa LOGEST (A ni namba ya pili, k ni LN ya namba ya kwanza). Na kabla ya kubonyeza Solve toa tiki kwenye Make Unconstrained Variables Non-Negative, ipo imewashwa tayari, ukiiacha Solver hatakubali k hasi na maji yako hayatapoa.