Namna ya Kupitia Dawa za Mzee Anayemeza Vidonge vya Aina Nyingi

Mzee mwenye presha, kisukari na maumivu ya magoti mara nyingi hutibiwa na watu wasiowasiliana: kliniki moja humpa dawa za presha, nyingine za sukari, na duka la dawa la jirani humwongezea za maumivu. Akifikisha dawa tano au zaidi kwa wakati mmoja, hadhari inahitajika, kwa kuwa figo za uzeeni huondoa dawa mwilini polepole, na dozi iliyomfaa akiwa na miaka 50 inaweza kumzidi akiwa na 75.

Kusanya kila kitu katika mfuko mmoja: vidonge vya kabatini na vya chini ya mto, dawa za macho, za kupaka, na mitishamba pia. Keti naye bila kumkaripia, umwombe akuonyeshe anavyozimeza kila siku, kwani kilichoandikwa kwenye cheti si lazima kiwe ndicho anachokimeza. Andika jina la dawa yenyewe, si la kibiashara tu; diklofenaki, dawa ya maumivu, huuzwa kwa majina mengi, na mzee anaweza kuimeza mara mbili akidhani ni dawa mbili tofauti.

Kando ya kila jina andika inatibu nini, nani aliitoa na ilianza lini. Tarehe hiyo ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote. Amlodipini, dawa ya presha, inaweza kuvimbisha miguu; mzee akiandikiwa dawa ya kukojoza ili kuondoa uvimbe huo, ataamka usiku kwenda msalani, na akisimama ghafla huku presha imeshuka, anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Kwa hiyo kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kufunga choo kunapoanza, tazama kwanza ni dawa gani iliyoanzishwa au kuongezwa dozi karibuni, kabla ya kukubali kidonge kingine.

Zipo dawa za kuulizia mapema. Diklofenaki na ibuprofeni, zote za maumivu, zinaweza kupandisha presha, na zikitumiwa pamoja na dawa ya kukojoza na dawa ya presha kama enalaprili au losartani, zinaweza kuumiza figo. Glibenklamidi, dawa ya kisukari, huweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa mzee asipokula vizuri; akitokwa jasho, akitetemeka au akianza kusema yasiyoeleweka, mpe maji ya sukari ikiwa anaweza kumeza, kisha umwahishe hospitali. Klorfeniramini ya mafua na diazepamu ya usingizi huchangia kuchanganyikiwa na kuanguka.

Hata hivyo, usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Atenololi ya presha, na prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) au diazepamu iliyotumika kwa muda mrefu, ni hatari zikikatwa ghafla. Peleka mfuko mzima kwa daktari mmoja, au kwa mfamasia akusaidie kuandaa maswali, uulize ipi haihitajiki tena, ipi ipunguzwe dozi, na zipi zinaweza kumezwa kwa pamoja. Omba presha ipimwe akiwa ameketi na tena akiwa amesimama. Kipimo hiki husahaulika, ilhali kinaweza kuonyesha kwa nini anayumba.

Ni vyema dawa zibadilishwe moja moja, ili mabadiliko yakitokea ijulikane yametokana na ipi. Orodha mpya iwe na nakala mbili, moja ya mzee na moja ya anayemlea, na dawa zilizosimamishwa ziondolewe nyumbani siku hiyo hiyo.