Ripoti ya MRI ya mzee ikisema damu imevuja kwenye ubongo, anzia hapa
Kama bibi yako wa Tukuyu kapigwa MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) na ripoti inasema kuna vidoti vya damu iliyovuja kwenye ubongo, usipaniki, muulize kwanza daktari viko wapi. Vikiwa pembezoni tu, kwenye gamba la ubongo, na umri umeenda, mara nyingi ni protini ya amiloidi imejikusanya kwenye kuta za mishipa midogo mpaka zinalegea zinavujisha, ila vikiwa ndani kabisa katikati mshukiwa mkubwa ni presha. CT skani haivioni hivi, inatakiwa MRI yenye picha za SWI, aina ya picha inayoonyesha mabaki ya damu. Presha mpimeni mara kwa mara, hata hapo Mwanjelwa mjini Mbeya, wengi wanalengwa chini ya 130/80. Na jamani, aspirini asianze wala asiache bila daktari! Mkono ukilegea au maneno yakigoma ghafla, hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku.