Mnataka kufanya kazi ya sanaa kwa pamoja? Angalieni bendi inavyofanya

Watu wakiona bendi imeshikana vizuri jukwaani wanasema "hawa wana kemia" halafu wanaiacha hapo, kana kwamba ni bahati tu ama wamefanyiwa dawa. Ukikaa karibu na wanamuziki wa hapa Mombasa utaona ni mambo madogo madogo waliyozoeana, mengine hayasemwi hata, na karibu yote unaweza kuyachukua ukayapeleka kwenye kikundi chako, iwe mnatengeneza filamu fupi, mnaandika mchezo wa kuigiza ama mko watatu tu mnahangaika na chaneli ya YouTube huko Kisauni.

Anzeni na kujifunza kunyamaza. Chukua bango, ule muziki wa Mzee Ngala wa Freretown, hapahapa Mombasa. Mzee mwenyewe anaimba na yeye huyohuyo ndiye anapiga saksafoni, sasa hapo hakuna ujanja, mdomo ni mmoja, sauti ikitoka saksafoni inangoja, saksafoni ikiingia maneno yamekwisha. Kwenye bendi ya watu wanane hakuna kinachokulazimisha hivyo, kila mtu ana chombo chake na spika yake na kila mtu anataka asikike, na ndio maana bendi changa nyingi zinapiga kelele tu. Kwa hivyo jiwekeeni lazima. Kwenye kikao cha kupanga stori, mwenye wazo aliseme mpaka mwisho kabla mtu hajatia neno, hata kama unaona kabisa anaelekea pabaya. Na kama kwenye sini fulani huna la kuongeza, usiongeze, kaa. Mpiga gita anayejua kutopiga anatafutwa kuliko yule wa solo ndefu, mimi nakuambia.

Pili, chagueni kitu kimoja ambacho hakisogei. Kwenye bendi ni besi na dramu, hao wawili wakielewana wengine wana pa kukanyaga. Bendi ya Mombasa Roots waliichukua chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, wakaitia magita na vinanda vya umeme, na miaka ya 80 watu wakaicheza disko, na iliwezekana kwa sababu mwendo wenyewe wa ngoma waliushikilia, mgeni hata haelewi maneno lakini kiuno kinaelewa. Nyinyi pia semeni mapema: letu lisilobadilika ni hili, labda ni yule mhusika, labda ni urefu wa video, labda ni lugha. Vingine vyote ruksa kuvivuruga.

Sasa hapa kwenye ishara ndipo vikundi vingi vinakwama. Nenda harusi yenye taarab usimwangalie mwimbaji, waangalie wapigaji. Mwimbaji yuko beti la tatu, mama mmoja anainuka kule nyuma na noti yake ya pesa mkononi aje kumtuza, anakuja polepole kwa madaha, ana haraka gani, na nyuma yake wengine wawili washainuka. Ubeti mpya hauwezi kuanza hapo, utapotelea kwenye vigelegele. Mwimbaji anaurudia mstari uleule uliomgusa yule mama. Wa kinanda anaona, haendi mbele, anazunguka palepale, wa dumbaki, ile ngoma ndogo ya mkono, anashusha mkono kidogo, fidla inapewa nafasi ijaze. Foleni ya kutuza ikiwa ndefu kiitikio kinazungushwa tena na tena, hakuna aliyesimama kuuliza "jamani tunafanyaje?" Noti ya mwisho ikishapokelewa mwimbaji anageuza kichwa tu, basi, wote wanaingia ubeti wa nne pamoja kama walioandikiwa.

Hilo halitoki mbinguni. Wanajua ishara ni ya nani. Na si lazima awe mwenye jina kubwa, bendi nyingi anayeongoza ni mpiga kinanda ama besi, mwimbaji anang'aa mbele lakini mwenye kufunga wimbo yuko nyuma yake. Kwa hivyo kabla hamjaanza kazi kaeni muamue: kwenye kuandika nani anasema "tosha", kwenye kuhariri nani, siku ya kushuti nani. Mtu mmoja kwa kila hatua. Mkiwa na wawili wa kusema "tosha" hamna hata mmoja, kila kitu kitabaki kwenye WhatsApp kinajadiliwa mpaka hamu iishe.

Makosa yatakuwepo. Wanamuziki wana desturi moja nzuri sana, ukipotea usirudi nyuma kutafuta ulipopotelea, ruka uwakute wenzako waliko. Wao nao hawakugeukii na macho makali mbele ya watu, wanaongeza sauti kidogo wakufunike, maneno yatasemwa baadaye kwenye gari. Mteja ama hadhira ikiwepo hakuna kusahihishana, period.

Mazoezi: mara nyingi, mafupi, na sauti chini. Kipimo ni rahisi, kama humsikii mwimbaji basi wewe ndiye uko juu. Bendi za hapa Pwani zilikomazwa na mahoteli, Them Mushrooms walianza hapahapa Mombasa 1972 na kazi ya hoteli waliifanya miaka, na hoteli inataka muziki leo, kesho na keshokutwa, wageni wanabadilika nyinyi ni walewale. Huwezi kupata hiyo kwa kukutana mara moja kwa mwezi mkapiga stori masaa matatu.

Pesa zungumzeni kabla. Najua inaonekana kama mnaanza na ubaya, lakini bendi nyingi zinavunjika kwenye bahasha kuliko kwenye muziki. Mgao wa shoo ni kitu kimoja, na nani katunga ni kitu kingine, maana kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 kazi ina mtunzi wake, na shoo inaisha usiku uleule lakini utunzi unaweza kulipa miaka. Wimbo ama skripti ikikamilika andikeni siku hiyohiyo majina na asilimia, kila mtu atie sahihi, pigeni picha karatasi.

Na mkitafuta mtu mpya msimjaribu kwa kumpa nafasi ya kujionyesha, hapo kila mtu ni hodari. Mpe kazi ya polepole ya kumsindikiza mwingine, halafu katikati badilisheni kitu bila kumwambia. Akiinua macho kuwaangalia, mchukueni. Akiendelea na yake ameinamia vidole, mshukuruni, mpeni nauli.